Ugonjwa wa Sukari na Masikio Yako, Mama

Maongezi kwa wamama wanaokuja kupima mimba na kupima watoto

Ketini vizuri. Wenye watoto wanaolia wakae karibu na mlango wapate hewa, lakini wasiende mbali, maana maongezi ya leo ni juu ya masikio.

Siku ile niliposema tutaongea habari ya ugonjwa wa sukari na masikio, mama mmoja aliniuliza hapo hapo: "Lakini mama, ile ugonjwa ya sukari si inakamata macho na miguu? Masikio inaingia wapi?" Swali lake ni zuri, na wengi wenu mnaliwaza ijapokuwa hamkulisema. Juu ya macho tunasema mara mingi. Juu ya miguu tunasema kila juma. Juu ya masikio tumenyamaza, na kunyamaza huko kumeleta hasara. Nitawaelezea hasara moja niliyoiona kwa macho yangu.

Kulikuwa na mama wa miaka 44. Jina lake sitalisema, wala kijiji chake. Alikuwa amezaa mara saba, na mtoto wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemkamata tangu miaka 8. Vidonge havikutosha tena, kwa hiyo alijichoma sindano ya insulini asubuhi na jioni.

Kule nyumbani watu walianza kusema kwamba amekuwa na kiburi. Mama mkwe wake alimwita kutoka jikoni, hakuitika. Mume wake aliongea naye usiku taa imezimika, akajibu jambo lingine kabisa. "Unanizarau," mume akasema. Sokoni aliacha kuuza samaki, sababu wanunuzi walipotaja bei yeye alisikia bei nyingine, na ugomvi ukatokea. Hata watoto walijua: walinong'ona maneno mbele yake na kuchekelea. Jirani mmoja alisema amerogwa.

Na hapa hospitalini? Hapa alikuwa mgonjwa mzuri kupita wote. Kila tulichomwambia, alijibu, "Ndiyo, mama." Tulimpenda sana kwa sababu ya hiyo ndiyo yake. Leo ninajua ilikuwa ndiyo ya mtu asiyesikia, anayeona haya kusema, "Rudilia." Foleni ilikuwa ndefu, watoto walilia, mashine ya umeme ilinguruma nyuma ya nyumba, nasi tulikuwa na haraka.

Siku moja munganga alibadilisha kipimo cha dawa yake ya jioni. Mimi ndimi niliyemwambia, nikiwa nimeinamisha kichwa, nikiandika kwenye fishi yake: "Jioni utachoma sita." Alijibu, "Ndiyo, mama." Akaenda.

Usiku wa tatu walimleta juu ya kipoyi. Nguo zake zililowa jasho, mikono ilitetemeka, aliongea maneno yasiyo na maana. Binti yake wa miaka 12, mtoto mwenye akili, aliona kwamba mama bado anaweza kumeza, akamnywesha chai yenye sukari nyingi kabla ya kuanza safari. Nadhani mtoto huyo ndiye aliyemwokoa. Tulipompima, sukari ya damu ilikuwa 41, hata baada ya chai ile. Tulipompa dawa na akili ikarudi, munganga alimwuliza amechoma ngapi. Akainua vidole: tisa.

"Mulisema tisa," akasema. "Nikachoma tisa."

Hakusema uongo. Alisikia tisa kweli. Jaribuni wenyewe: semeni "sita," kisha semeni "tisa." Ndani ya maneno hayo mawili, sauti nene ni zile zile, i na a. Kinachoyatenganisha ni s na t tu, na kila moja imekaa mahali pa mwenzake. Sasa s na t ni sauti nyembamba, za juu, kama mlio wa panya. Mtu ambaye masikio yake yameharibika kwa ndani, mara mingi hupoteza kwanza zile sauti nyembamba: s, t, f, k, sh. Sauti nene anazisikia bado. Ndiyo maana anakuambia, "Niko nasikia sauti, lakini maneno haiingie." Anajua kwamba umesema. Hajui umesema nini. Basi anakisia. Na wale mnaohesabu kwa Kifaransa, msifikiri mmepona: "six" na "dix" zinafanana vile vile.

Tulitazama masikio yake kwa taa. Hapakuwa na taka, ngoma ya sikio ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa ndani zaidi, mahali ambapo taa haifiki. Ni lazima niwaelezee mahali hapo.

Sikio lina vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni kile unachokiona, na njia inayoingia mpaka kwenye ngoma. Chumba cha pili kiko nyuma ya ngoma, kina hewa, na ndani yake mna mifupa mitatu midogo inayopokezana mtikisiko. Watoto wenu wanapotoka usaha sikioni, mara mingi ugonjwa uko katika chumba hicho. Chumba cha tatu kimefichwa ndani ya mfupa mgumu wa kichwa. Kina umbo la nyumba ya konokono, nacho si kikubwa kupita maharagwe. Ndani yake mna maji, na ndani ya maji mna chembe hai zenye vinywele vidogo sana juu yake. Kila sikio lina chembe hizo karibu 15,000. Sauti ikifika, maji hutikisika, vinywele huinama kama majani ya mpunga penye upepo, na chembe hupeleka habari kwenye neva mpaka ubongoni. Zile za mlangoni kwa konokono hupokea sauti nyembamba. Zile za ndani kabisa hupokea sauti nene.

Chembe 15,000 unaweza kuona ni nyingi. Lakini mtu anazaliwa nazo zote, na moja ikifa haioti nyingine mahali pake. Nywele za kichwa ukizinyoa zinarudi, hizi hazirudi.

Sasa sukari inafanya nini? Chembe hizo hufanya kazi mchana na usiku, nazo zinahitaji damu safi kila wakati. Damu hiyo inawafikia kwa mshipa mmoja mwembamba. Mshipa huo hauna mwenzake wa kuusaidia ukiziba. Sukari ikikaa nyingi ndani ya damu miezi na miaka, kuta za mishipa midogo zinakuwa nene, njia ya damu inakuwa ndogo. Ndivyo inavyofanya ndani ya macho, ndani ya mafigo, na kwenye neva za miguu. Waganga waliochunguza kwa mikroskopi masikio ya watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa sukari waliona jambo hilo hilo ndani ya konokono: mishipa yenye kuta nene, na chembe nyingi zimekufa. Neva ya kusikia nayo inaweza kuumia, kama zile za miguu zinazokufa ganzi.

Wala hakuna maumivu, wamama. Jicho likiharibika unaona ukungu. Mguu ukioza unanuka. Sikio linakufa polepole, kidogo leo, kidogo mwaka ujao, na mtu mwenyewe anakuwa wa mwisho kujua. Anadhani watu wameanza kuongea vibaya, wanameza maneno yao.

Mwaka 2008, huko Marekani, waganga walitangaza matokeo ya kupima masikio ya watu wazima zaidi ya 5,000, wa miaka 20 mpaka 69. Waliokuwa na ugonjwa wa sukari, kupungua kwa kusikia kulionekana kwao karibu mara mbili kuliko kwa wengine. Hata wale ambao sukari yao ilikuwa imepanda kidogo tu, haijafika kuitwa ugonjwa, walipungukiwa kuliko wenye sukari ya kawaida. Basi si jambo la wazee tu. Mama yule alikuwa na miaka 44.

Kabla ya kuendelea, niseme jambo juu ya chumba kile cha tatu ambalo watu hawalijui. Pembeni ya konokono mna vijia vitatu vya mviringo, navyo vina maji vile vile. Kazi yao ni kukuambia kama umesimama sawasawa ao unaanguka. Sukari inaweza kuviharibu navyo. Fikirieni sasa mama mwenye kizunguzungu, macho yake yana ukungu, miguu ina ganzi haisikii mawe, anateremka mtoni gizani na bidoni ya maji kichwani. Mtu wa namna hiyo asipelekwe kuchota maji usiku. Mtume mwingine.

Ninyi wenye mimba mnaweza kusema, "Mimi sina sukari, hii ni habari ya mama mkwe." Inawezekana. Lakini kuna sukari inayopanda wakati wa mimba peke yake, mara mingi baada ya mwezi wa tano ao wa sita. Mama hasikii kitu, pengine kiu na kukojoa tu, na nani mwenye mimba asiyekojoa? Mwambie muuguzi mapema kama ulizaa mtoto mkubwa wa kilo 4 na zaidi, ao mtoto alikufia tumboni pasipo sababu kujulikana, ao mama yako ana ugonjwa wa sukari. Sukari ya mimba mara mingi inaondoka mama akiisha kuzaa. Lakini inaweza kurudi miaka ya mbele na kukaa. Kwa hiyo urudi upimwe tena kati ya juma la 6 na la 12 baada ya kuzaa. Wengi hawarudi. Wanapeleka mtoto kwa chanjo, na wao wenyewe wanapita mbele ya meza ya kipimo pasipo kusimama.

Na masikio ya mtoto? Hapa nisikilizeni vizuri. Mtoto wa mama mwenye sukari, sukari yake mwenyewe inaweza kushuka sana akizaliwa, kwa hiyo apewe ziwa ndani ya saa ya kwanza, asingojee mpaka mama aoge. Pia mtoto huyo anakuwa njano kwa upesi kuliko wengine. Njano kidogo si ajabu. Lakini njano ikizidi, ikifika mpaka tumboni na miguuni, ao ikitokea siku ile ile ya kuzaliwa, ao mtoto amelegea hanyonyi, ni hatari: njano kali inaweza kuumiza ubongo na neva ya kusikia, na mtoto akabaki kiziwi maisha yake yote. Usimweke kwenye jua la dirishani na kungojea. Mlete siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Mtoto mchanga anayesikia hushituka ukipiga makofi kwa nguvu. Akifika miezi 6 hugeuza kichwa kutafuta sauti yako. Asipogeuka, tuambie tunapompima kilo. Usingoje mpaka wakati wa kusema.

Kuna pia sukari na uziwi vinavyokwenda pamoja toka kwa mama mpaka kwa watoto. Waganga waliitambua asili yake mwaka 1992. Si wengi walio nayo. Inapita kwa mama peke yake: watoto wa kiume wanaweza kuipata, lakini wao hawaipitishi kwa watoto wao. Ninaitaja kwa sababu moja: ikiwa katika ukoo wenu, upande wa mama, kuna watu kadhaa wenye sukari na pia wasiosikia vizuri tangu ujana, umwambie munganga, maana atachagua dawa kwa uangalifu mwingine. Na watu wa ukoo wa mume wasimhukumu mama yeyote juu ya hiyo. Hakuna anayechagua damu ya kuzaliwa nayo.

Sasa turudi kwenye chumba cha kwanza, kwa sababu kuna ugonjwa wa hapo unaopenda watu wa sukari, na unaua. Unaanza kama kitu kidogo. Mtu anajikuna sikio kwa kijiti cha alimeti, ao manyoya ya kuku, ao kifuniko cha biki, anajichubua kidogo. Kwa mtu mzima wa afya, kidonda hupona. Kwa mwenye sukari isiyotunzwa, vijidudu vinaingia, vinakula nyama, kisha vinaanza kula mfupa wa kichwa. Dalili zake ni hizi: maumivu makali ya sikio, ambayo usiku yanazidi na kumnyima usingizi, maji ao usaha unatoka, maumivu yanashuka mpaka kwenye taya anapotafuna. Mwisho uso unapindika upande mmoja, jicho halifungi. Usingoje uso upindike. Mtu wa sukari mwenye sikio linalouma usiku, alete sikio lake hospitalini asubuhi yake. Dawa ipo, lakini inachukua majuma mengi, na ikichelewa haitoshi.

Basi msitie kitu ndani ya sikio. Si kotontije, si mafuta ya moto, si maji ya majani, si maziwa ya mama. Najua bibi zenu walifanya hivyo na wakaishi. Wengi wao hawakuwa na sukari. Ikiwa taka imeziba sikio, sisi tutaitoa, na kwa mwenye sukari tunaitoa kwa taratibu pasipo kusukuma maji kwa nguvu.

Habari ya dawa nayo ni ya maana. Wengi wetu tunaita kila kidonge kinini, lakini hapa ninasema kinini yenyewe, ile chungu ya malaria, ambayo pengine bado inatolewa. Kinini hufanya masikio yavume. Mara mingi kuvuma huisha dawa ikiisha. Lakini kinini ina tabia nyingine ambayo watu hawaijui: inaweza kushusha sukari ya damu, zaidi sana kwa mwenye mimba. Ukiwa unachoma insulini ao unameza vidonge vya kushusha sukari, kisha ukapewa kinini, hapo kuna vitu viwili vinavyovuta upande mmoja. Sema, "Mimi niko na sukari," kabla ya kupokea dawa yoyote, na umwambie hata yule anayeuza dawa kando ya barabara. Afazali zaidi usinunue kwake.

Kuna sindano iitwayo jentamisini, na kuna ndugu zake. Zinaokoa watu, watoto wachanga pia, wala sisemi mzikatae. Lakini zinaweza kuua zile chembe za sikio, na zile zinazokufa hazirudi. Mafigo ndiyo yanayotoa dawa hiyo mwilini. Ikiwa sukari imekwisha kuharibu mafigo, dawa inabaki ndani na kuzidi. Kwa hiyo munganga anapaswa kujua kwamba una sukari, na wewe ukisikia masikio yanavuma ao kizunguzungu kimeanza wakati wa sindano hizo, sema siku hiyo hiyo.

Na sikio likikufa ghafula? Umelala ukisikia, umeamka sikio moja limenyamaza, ao ndani ya siku mbili tatu limefunga kabisa. Hiyo si mafua. Ni jambo la haraka, sawa na mtu aliyevunjika mguu. Kuna dawa inayoweza kusaidia ikianza upesi, lakini majuma mawili yakipita nguvu yake inapungua sana. Dawa hiyo hupandisha sukari, kwa hiyo hapewi mtu nyumbani pasipo kupimwa.

Mtaniuliza: mtu aliyekwisha kupoteza kusikia namna hii anaweza kuponywa? Nisiwadanganye. Kile kilichokufa ndani ya konokono hakirudi, hata kwa vidonge, hata kwa majani, hata kwa mtu anayekuja sokoni na chupa za rangi na kuomba franga nyingi. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki. Kulinda ni kushika sukari vizuri na tansio vilevile. Juu ya chakula tuliongea mara nyingine, sitarudilia yote: bugali ipungue, sombe na lenga-lenga ziongezeke, kasiksi na vinywaji vya sukari viachwe. Tumbaku inaharibu mishipa ile ile, iachwe. Na makelele: mashine ya kusaga, na zile vyombo vya muziki vya matanga vinavyopigwa usiku kucha. Makelele yanaua chembe zile zile ambazo sukari inazinyima damu. Mama wa sukari asikae mbele ya kile kisanduku cha muziki. Akae nyuma na wazee, hakuna atakayemlaumu.

Hospitali kubwa za mjini zinaweza kupima masikio kwa mashine na kutoa kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni. Ni bei kali, na wengi wetu hatutakipata. Lakini kuna mambo mengi yasiyoomba franga.

Jambo la kwanza ni kujua. Leo jioni, nyumbani, mfanyie kipimo hiki mwenye sukari, awe ni mama yako, mama mkwe, ao mume. Simama nyuma yake ili asione midomo yako, mbali kadiri ya mkono ulionyoshwa. Yeye azibe sikio moja kwa kidole, akilisugua kidogo. Wewe utoe pumzi yote, kisha unong'one namba tatu, kwa mfano: sita, mbili, tisa. Akuambie alichosikia. Akikosa, badilisha namba, jaribu mara ya pili. Kisha sikio la upande mwingine. Akikosa zaidi ya nusu ya namba zote, mlete. Pengine ni taka tu, na atarudi akicheka. Watoto wanapenda mchezo huu, waacheni wasaidie, kuliko kumchekelea bibi yao.

Jambo la pili ni kuongea naye vizuri. Usipige kelele. Kelele inaongeza sauti nene ambayo tayari anaisikia, na inamwonyesha uso wa hasira. Njoo mbele yake, penye mwangaza, aone midomo yako. Zima redio. Sema polepole, maneno machache. Asipoelewa, badilisha neno, usirudilie lile lile mara tano. Na usiseme, "Acha tu, si kitu." Mama yule aliniambia neno hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Kila mtu alimwambia, "Acha tu."

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa hospitali, na juu yake ninyi mtulazimishe. Mkipokea dawa, msiondoke na ndiyo. Mwambie muuguzi: "Ngoja, nikurudilie." Kisha sema mwenyewe: vidonge vingapi, wakati gani, kabla ya kula ao kisha. Kama umekosea, atakusahihisha pale pale. Muuguzi akikasirika kwa sababu ya foleni, mwambie mimi nimewatuma.

Kwa wanaochoma insulini tumeanza kuzungushia sindano kipande kidogo cha sparadra, pale dawa inapopaswa kufika. Asiyejua kusoma anaweza kukitazama tu. Tunachora pia vijiti kwenye fishi, kijiti kimoja kwa kila namba, jua kwa asubuhi na mwezi kwa jioni. Kipimo kikibadilika, sparadra inasogezwa na vijiti vinachorwa upya mbele ya macho yako. Na nyumbani awepo mtu mwingine anayejua namba hiyo, na anayejua dalili za sukari kushuka chini ya 70: jasho, kutetemeka, njaa kali, maneno ya ovyo. Akiweza kumeza, apewe sukari ao asali ao chai tamu mara moja. Asipoweza kumeza, msimtie kitu kinywani, mlete mbio.

Mama niliyewaelezea bado anakuja hapa siku ya pili ya juma. Mume wake alikuja naye mara moja, tukamfanyia ule mchezo wa kunong'ona mbele yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hakunizarau." Sasa binti yake anakaa kushoto kwake, upande ambao sikio linasikia zaidi. Muuguzi akitaja namba, mama haitiki kwanza. Anainua vidole, anangoja muuguzi ainue vyake, wanavilinganisha. Juma lililopita muuguzi mpya, kijana, alinyosha vidole vyake upesi akavishusha. Mama akamshika mkono, akavihesabu kimoja kimoja: sita.

Meza ya kupima sukari iko leo chini ya mwembe. Ambaye hajala tangu jana jioni apimwe kwanza. Kwa asiye na mimba, ikifika 126 kabla ya kula, tutapima tena siku nyingine kuhakikisha. Wenye mimba, kipimo chao ni cha chini kuliko hicho, muuguzi atawaelezea mmoja mmoja. Na yeyote ambaye hakusikia vizuri niliyoyasema, aje hapa mbele, nitarudilia.